Mpishi Njiti na Nguo za Kawaida

Mpishi mwembamba ana kazi mbili: kupika, na kuwaapia watu kwamba chakula chake kinalika. Huyu wa kantini ya kiwanda cha sabuni alishazoea. Wafanyakazi walimpachika jina la Njiti, na kila mchana walimtania wakiwa na sahani mkononi, "Njiti, hebu kula wewe kwanza tuone kama kinajenga mwili!" Naye alicheka nao, akawaongezea mchuzi. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mvi chache kidevuni, na mwili uleule aliooa nao. Mwili huo haukuwahi kumnyima usingizi, mpaka jioni moja binti yake wa pekee alipoingia jikoni, akaketi bila hata kusalimia, akaanza kulia.

Habari zenyewe zilikuwa hivi. Binti alikuwa na mchumba, fundi redio mpole asiyejua kuinua sauti, na mchumba alikuwa na mama, mjane. Mama huyo alimwona Njiti mara moja tu, kwenye mazishi ya mtu, akiwa ndani ya suti yake moja, pana, ambayo ungeweza kuingiza mtu wa pili na mkoba wake. Tangu siku hiyo mama wa watu hakuwa na raha.

"Ameniuliza kama unaumwa," binti alisema. "Anasema mambo ya ndoa yasubiri kwanza, na mwanawe hawezi kumpinga. Ila Jumapili amewaalika chakula cha mchana, wewe na mama. Baba, nakuomba, vaa nguo za kawaida tu, zinazokukaa. Usije na ile suti. Na usije na za kazini, atadhani umekuja kupika."

Njiti aliitikia kwa kichwa, lakini kichwa chenyewe kilikuwa kimeshaanza kumzunguka. Nguo za kawaida ndizo zipi? Kabatini mwake mlikuwa na sare nyeupe za jikoni, ile suti, na fulana za kulalia zilizotolewa bure kiwandani. Mtu aliyeishi miaka yote kati ya sare na kitanda, nguo za katikati angezijulia wapi?

Akaenda duka la nguo za wanaume wa makamo. Alipovaa shati la mikono mifupi, mabega ya shati yalishuka mpaka karibu na viwiko. Suruali ya kadeti ilimzunguka kiuno ikabaki ya kumpa jirani. Muuzaji, bwana mwenye kitambi cha kujivunia, alimtazama mbele na nyuma.

"Mzee, kosa si lako," akasema. "Watu wa rika letu wana matumbo. Huko viwanda vya nguo wanashona tumbo kwanza, ndipo watafute pa kuweka miguu."

"Sasa wasio na matumbo wanavaa nini?"

Muuzaji akafikiri kwelikweli. "Sijui. Wakitoka hapa huwa hawarudi kuniambia."

Akavuka barabara, akaingia duka la vijana. Huko muziki ulipigwa mpaka rafu zikatetema. Akapewa suruali ya jinzi iliyochanika magotini.

"Dada, hii imeharibika," alimwambia muuzaji kwa wema, akidhani anamwokoa na hasara.

"Ndivyo ilivyo, baba. Ndiyo mtindo."

Kuingia iliingia, tuseme haki ya Mungu. Kutoka ndiko ilikogoma. Njiti alihangaika nyuma ya pazia mpaka jasho likamtoka, na mwisho yule dada, akiwa amegeuza uso pembeni kwa heshima, akashika miguu ya suruali kwa nje na kuvuta huku Njiti ameng'ang'ania kiti. Alipojikuta tena barabarani hakujua aelekee wapi. Mwili wake ulikuwa wa duka hili na umri wake ulikuwa wa duka lile, na katikati palikuwa pa kupita magari.

"Si ushonewe?" mkewe akamwambia usiku huo, akistaajabu kwamba hilo halikumjia mapema. Yeye alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, na nguo za watu alizijua.

Ushauri ulikuwa mzuri. Lakini njiani kwenda kwa fundi cherehani, Njiti alipata wazo la kijikoni, na hapo ndipo hasira zangu kwake zinapoanza. Wali ukiwa mchache, wapishi wa kantini huushindilia kwenye bakuli, wakaupindua katikati ya sahani ukasimama kama kilima, na mlaji akaona amependelewa. Njiti akajiambia, kumbe hata mtu anaweza kupakuliwa hivyo! Mama yule akimwona amejaa, roho itamtulia. Basi akavaa masweta mawili ndani ya shati, na futi ya fundi ilipomgusa kifua, akavuta pumzi akaibana.

"Pumua, mzee," fundi akasema, pini zikiwa mdomoni.

"Napumua," akajibu kwa sauti nyembamba.

Nguo zilitoka safi: shati la buluu na suruali ya kijivu, mshono hauna dosari, zimemkaa vizuri kabisa mtu ambaye hayupo duniani. Mkewe alizishika juu, akauliza, "Huyu aliyeshonewa ni nani?" Lakini Jumapili ilikuwa imeshafika. Njiti akavaa masweta yake ndani, akafunga mkanda, akajiona bwana.

Jua la siku hiyo halikuwa na huruma. Sebule ya mjane ilikuwa ndogo, dirisha moja, na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kusitasita. Walipofika kwenye supu, Njiti alikuwa analowa. Jasho lilimtiririka kwenye paji la uso, likadondoka mezani. Mjane hakuondoa macho kwake, wala kwenye shingo ya sweta iliyochungulia ndani ya shati. Binti aliinamia sahani yake. Alikuwa anaona ndoa yake ikiondoka pale mezani na hana pa kuishikia.

"Baba, una homa?" mjane akauliza taratibu.

"Hapana, mama. Kajoto tu."

Akaomba kwenda msalani. Huko akavua masweta yote mawili, akayaficha nyuma ya ndoo, akanawa uso, akarudi amepata nafuu kubwa. Hakujua kwamba kwa waliokaa mezani, aliyetoka alikuwa mtu mzima na aliyerudi alikuwa nusu yake, shati likimpwaya kama pazia. Mkewe akafumba macho. Mjane akaweka kijiko chini.

"Naomba nione mkanda wako," akasema.

Njiti alipigwa na butwaa. Akamtazama mkewe, akamtazama binti, akamtazama fundi redio, aliyekuwa ametazama dari. Katika maisha yake hakuna mwanamke wa watu aliyewahi kumwomba kitu cha namna hiyo, tena mbele ya supu. Lakini sauti ya mama yule haikuwa ya mzaha. Akanyanyua shati.

Mjane akasogea na kuinama. Mkanda ulikuwa wa zamani, ngozi imepasuka na kuwa nyeusi penye tundu moja tu. Matundu mengine yalikuwa mapya kama yalivyotoka dukani. Akapitisha kidole ukingoni kote, akitafuta.

"Tundu ni hilohilo tangu anioe," mke wa Njiti akasema. "Huyu bwana hapungui, mama. Na kunenepa nimeshakata tamaa."

Mjane hakucheka. Alikaa palepale chini, karibu na kiti, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Mume wangu naye, kabla ugonjwa haujamchukua, alikuwa anavaa masweta ndani ya mashati makubwa," akasema. "Na kila baada ya muda anatoboa mkanda tundu jipya, kwa msumari wa moto. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia huo mkanda. Nilikuwa namcheka. Namwambia, acha kujinyima chakula."

Fundi redio akamwinua mama yake, akamkalisha. Naye akajipangusa uso kwa kiganja, akamgeukia binti, ambaye siku zote alikuwa akimwita binti wa watu.

"Mwanangu," akasema, "mpakulie baba yenu, supu inapoa."

Njiti akapokea bakuli kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa bado amenyanyua shati, maana hakuna aliyekuwa amemwambia kama anaweza kuliachia.