Mwenyeji Alilala Wapi

Siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na si siku ya harusi yangu wala ya mazishi ya baba. Ni siku niliyorudi kutoka Uingereza. Nakusimulia kwa sababu umekuja kuniaga, begi jipya begani, unaniambia wenzako wamepata mahali pa bei nafuu pa kupumzika wikendi hii kule ziwani, kwa mama wa rafiki yenu. Nenda. Kupumzika si dhambi. Lakini kaa kwanza, chai bado ina moto.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa msichana wa Bukiriro, kijiji cha mpakani, mwenye maringo mengi kuliko nguo. Kihangaza chetu na Kirundi ni ndugu, na Kiingereza nilikuwa nimekipata shuleni kwa masista, basi shirika moja la Wazungu likaniajiri niwe mkalimani katika hema la zahanati kambini. Mshahara wangu wa kwanza nilikwenda nao Rulenge kwa fundi seremala. Nikarudi na kitanda cha mninga, ubao wa kichwani umechongwa maua. Kwetu wote walilalia vitanda vya miti na mikeka. Mimi nikawa na kitanda cha fundi, na nilikipangusa kuliko nilivyopangusa uso wangu.

Jioni moja baba alimkuta mwanamke njiani, mtoto mgongoni, miguu imevimba. Jina lake Venansia. Baba hakumuuliza mengi. Alimleta nyumbani, na kwa kuwa mimi siku za kazi nililala kambini, akampa chumba changu. Pamoja na kitanda changu.

Ndiyo, mwanangu, cheka. Mchana nilikuwa nawatafsiria wakimbizi maumivu yao kwa sauti ya upole, na Jumamosi nikirudi nyumbani namnunia mkimbizi mmoja kwa sababu ya godoro. Nililala na mama, nikigeuka-geuka makusudi ili baba asikie kitanda kinavyolia.

"Baba," nikamwambia siku moja, "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

"Jembe analo," akajibu. "Na anakushinda kulima."

"Lakini wenzake wana kambi yao. Kwa nini asiende huko?"

Baba hakupenda maneno mengi. Wiki hiyo shirika lilikuwa limenichagua kwenda Uingereza kwa mafunzo mafupi, na nyumba nzima ilikuwa haina habari nyingine. Akaniambia, "Nenda kwanza huko. Ukirudi, kama bado unataka atoke, utamwambia wewe kwa mdomo wako."

Nikaondoka na neno hilo moyoni. Nikirudi, Venansia anatoka.

Uingereza nilifikia kwa Bibi Doroti, mjane, mama yake nesi mmoja tuliyefanya naye kazi kambini. Siku moja akaniambia kwamba mtu hawezi kutoka Afrika kuja kwao akarudi bila kuiona bahari yao, na kwamba Ijumaa tungekwenda kupumzika ufukweni. Loo! Nilikuwa nimeona picha. Hoteli nyeupe, miavuli, watu wamejilaza mchangani. Usingizi ulinipotea kwa furaha.

Tulikwenda kwa basi, lile la nauli ya wazee, na mikate tumebeba wenyewe kwenye mfuko, na chai kwenye chupa. Mchanga haukuwepo. Palikuwa na mawe tu, na upepo unaokata masikio, na wazee wamekaa ndani ya magari yao wakiitazama bahari kupitia vioo kama watu wanaosubiri daktari. Bibi Doroti akanunua samaki na viazi vya kukaanga, fungu moja kwa watu wawili, tukala tumekaa ukutani kwa sababu viti vilikuwa vya kukodi. Ndege mmoja mweupe, mkubwa kama bata, akaja akaninyang'anya kiazi mkononi. Bibi Doroti alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nazitazama hoteli, najiuliza yetu ni ipi.

Yetu haikuwa hoteli. Ilikuwa kibanda cha bati chenye magurudumu, vile Waingereza wanavyovuta nyuma ya gari, kimeegeshwa kwenye uwanja na vingine vingi vitupu. Msimu ulikuwa umepita na ndiyo maana bei yake ilimfaa mama yule. Alikuwa amejibana muda mrefu kwa ajili ya siku hizo, hata mtoto angejua. Ndani palikuwa na kitanda kimoja, na benchi fupi kando ya meza. Akanionyesha kitanda kwa mkono wote, vile kwetu tunavyomwonyesha padri kiti. Nikapanda, nikajifunika, nikalala. Mvua iligonga lile bati mpaka asubuhi. Nilipoamka nilimwona kwenye benchi, koti lake ndilo blanketi, miguu inaning'inia nje. Akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikamjibu kulikuwa na baridi.

Hilo ndilo neno nililompa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Msemo huo niliujua tangu darasa la tatu, na haukunijia.

Niliporudi Bukiriro ndugu walijaa. Pombe ya ndizi ilikuwepo, maharage yalikuwa jikoni, na kila mtu alitaka kusikia Ulaya. Nami, kwa kuwa hoteli sikuwa nayo, nikawapa kichekesho. Nikawaigiza ule upepo. Nikawaigiza yule ndege. Kisha nikasimama katikati ya sebule, nikamwigiza Bibi Doroti anavyojikunja kwenye benchi, miguu yake myembamba nje, anatetemeka. Walicheka mpaka shangazi akajifuta machozi.

Baba hakucheka. Akaweka mrija wake chini.

"Kitanda kilikuwa kimoja?"

"Kimoja tu, baba. Fikiria!"

"Na wewe ukalala juu yake."

"Sasa ningelala wapi?" nikasema, bado nacheka. "Si mimi ndiye niliyekuwa mgeni?"

Mwanangu, neno lilikuwa limeshatoka. Nililisikia mwenyewe likizunguka ile nyumba. Venansia alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya maharage, ameileta kwangu mimi, msafiri, ya kwanza. Alikwisha kujua nilichomwambia baba kabla sijaondoka. Nyumba za udongo hazifichi maneno. Akainama, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili, akatoka. Shangazi aliacha kucheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Nyani haoni kundule, na mimi langu nilikuwa nimelionyesha kwa kucheza, mbele ya ukoo mzima.

Asubuhi godoro langu lilikuwa limeanikwa juani, shuka limefuliwa, ubao wa maua umepanguswa. Venansia na mtoto hawakuwepo. Baba alikuwa ameniachia nimwambie kwa mdomo wangu, na kweli nilikuwa nimemwambia, kwa kile kicheko changu.

Nilimtafuta kambini, nikampata. Ndani ya hema lake palikuwa na mkeka mmoja, mpya, wa kugawiwa. Akaukunjua, akaupiga-piga kwa kiganja, akanikalisha mimi juu yake. Yeye akakaa chini kwenye udongo na mtoto wake mapajani. Nikamwambia, "Nisamehe dada, turudi nyumbani." Akatabasamu. "Murakoze," akasema, ndiyo asante ya kwao. "Nililala vizuri kwenu." Hakurudi. Baadaye watu wa sehemu ile ya kambi walihamishwa, sikumwona tena. Na Bibi Doroti alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwandikia asante.

Kile kitanda kipo, umekiona kwenye chumba cha pili. Tangu siku ile sijakilalia. Ni cha wageni.

Basi nisikilize. Huko uendako, kitanda kikiwa kibovu usikicheke, chakula kikiwa kidogo usikipime. Kabla hujavua viatu, tazama kwanza mwenyeji wako atalala wapi, na asubuhi umshukuru kwa pale alipolala yeye, si kwa pale ulipolala wewe. Na mtu akija kwako hana kitu, usimhesabie siku. Kila mtu ana mlango ambao atasimama mbele yake akiwa mgeni.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe nyumba, akupe kitanda kizuri, na akupe moyo wa kuwa wa mwisho kukilalia.