Mama Pindo na Cherehani Isiyoshona

Jina la Mama Pindo alijitafutia mwenyewe. Hakuna nguo iliyotoka dukani kwake pindo likiwa limepinda, hata kama mwenye nguo amesimama mlangoni anapiga kelele kwamba gari linamwacha.

Alishona kwa cherehani ya miguu tangu usichana wake. Kisha ugonjwa ukampigia hodi: vidole vikafa ganzi, jicho moja likafifia na kurudi, na mguu wa kushoto ukaanza kuburuta kama wa kuazima. Hospitali wakauita MS. Wakamweleza kwamba kinga ya mwili, badala ya kupambana na maradhi, inashambulia ganda la mishipa ya fahamu. Dawa akapewa, na ukweli akaambiwa: hauponi, unazuiwa tu.

Sasa mumewe ni fundi umeme, tena wa wale wasioweza kuona kitu kimetulia wasikifungie waya. Akaifungia cherehani mota.

"Mke wangu, miguu yako imechoka. Kuanzia leo wewe gusa tu, umeme ufanye kazi."

Jamani, alipendwa huyu mama! Wifi yake akamletea hata maji ya kunywa mkononi. Mume akampeleka dukani kwa pikipiki na kumrudisha. Mapenzi yenyewe nusura yamlaze kitandani, maana haikupita miezi mingi, kutoka kitini hadi mlangoni tu akawa anahema. Mume na wifi wakakata shauri: mkataba wa kupanga duka ukiisha, basi, linafungwa.

"Labda uweze kufika dukani kwa miguu yako," mume alisema, kwa sauti ya mtu anayejua haliwezekani.

Mama Pindo alilia kwa hasira. Duka lile alilifungua kabla hajamjua mwanamume huyo.

Aliyemfumbua macho ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale kliniki, binti mmoja mcheshi. Alimtembeza ukumbini huku na huku, akamsikiliza pumzi, akatikisa kichwa.

"Mama, hapa kuna ugonjwa na kuna kukaa. Ugonjwa siwezi kuuondoa. Lakini huku kukaa tutakupiga vita!" Akamwambia atafute baiskeli ya mazoezi, akanyage kwa nguvu kiasi kwamba anaweza kuongea lakini hawezi kuimba, apumzike, kisha arudie.

"Baiskeli sina," alisema Mama Pindo, na papo hapo macho yakamtoka. "Lakini cha kukanyaga ninacho!"

Siku hiyo hiyo aliing'oa mota kwa bisibisi. Mume alinuna mpaka chakula kikapoa. Mama Pindo hakujali. Alilegeza gurudumu la juu ili sindano isitembee, kama fundi anapojaza uzi kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, akaukaza mkanda mpaka kanyagio likawa zito, akaelekeza feni usoni, kwa sababu joto humlegeza miguu. Halafu akakanyaga. Mwanzoni alichoka kabla hajaanza vizuri. Akapumzika, akarudia, na kesho yake tena. Alipopata pumzi kidogo akaanza kwenda hadi duka la jirani kwa mkongojo, kisha hadi kona.

Matata yalikuja na mama wa bibi harusi mmoja. Alikaa barazani asubuhi yote akisikiliza cherehani ikilia bila kukoma, moyo wake mweupe kabisa. Alipoingia akakuta kitambaa kimekunjwa vilevile alivyokileta.

"Toka asubuhi nasikia cherehani! Gauni liko wapi?"

"Gauni ni mchana, mama," Mama Pindo alijibu, jasho linamtoka. "Asubuhi nashona miguu."

Alipoelezwa, yule mama alicheka mpaka akashika mbavu. Gauni alilipata kwa wakati, pindo limenyooka.

Siku ya mkataba kuisha, Mama Pindo aliamka kabla jua halijachomoza, akafunga kitambaa chenye maji shingoni, akashika mkongojo. Mume akamfuata nyuma na kiti kizito cha mbao begani, ili akianguka apate pa kukaa. Moyo ulimdunda mama wa watu! Mguu wa kushoto uliburuta, lakini ulikwenda. Kwenye kilima alisimama mara kadhaa akishika ukuta, akavuta pumzi, akaendelea. Mume naye kiti kilimzidi. Akakitua, akakikalia yeye, na mkewe akapotelea konani.

Mwenye nyumba alikuwa mlangoni pa duka na funguo.

"Nimeambiwa mnafunga."

"Nani kafunga? Lete kalamu!"

Alisaini amesimama, machozi ya furaha yakimshuka wala hakuyafuta. Mumewe aliingia baadaye, kiti begani, shati limelowa.

"Mwaka mwingine huo, nimeshasaini," Mama Pindo alimwambia. "Tua kiti, mume wangu, upumzike."