Kamba Isiyooshwa

Mfanyabiashara alitoka Kasongo na pikipiki, akatufikia kwenye shimo letu la dhahabu Salamabila na chuma cha kubana kamba, kidogo kama kiganja. Alisema Wazungu hupanda nacho miamba, na anayeteleza hubaki akining'inia, haanguki. Nilijiuliza mtu anapanda mwamba kutafuta nini, na juu hakuna dhahabu. Lakini kazi yangu ni kushika kamba.

Alifunga mfuko wa mchanga kwenye kamba yake mwenyewe, mpya, nyeupe, akauning'iniza juu ya shimo, kamba ikipita ndani ya chuma alichokifunga kwenye boriti. Kisha akainua mikono.

"Muone! Sishike kitu! Mufuko iko pale pale!"

PDG, ndivyo tunavyomwita mwenye shimo, alipiga makofi kama yuko harusini.

"Kesho binamu yako atashuka na chuma hiki," aliniambia. "Hatutaki tena mambo ya nguzo."

Mambo ya nguzo ni mimi. Mwaka jana nilimshusha mdogo wangu kwa kamba iliyozungushwa kwenye nguzo. Kawaida ni kuizungusha mara mbili. Niliizungusha mara moja, kwa uvivu tu. Nyuki aliniuma shingoni, nikaachia. Sijapata neno zuri la kuweka hapo.

"Jaribu na kamba yetu," nilisema.

Mfanyabiashara alicheka. "Papa, kamba ni kamba."

Kamba yetu ilikuwa nyekundu kwa udongo, inateleza kama kambare. Hapa hakuna anayeosha kamba ya shimo. Wanasema ukiiosha umeosha bahati. Alipoijaribu, mfuko ulishuka bila kusimama, ukapasukia chini kabisa.

"Mufuko ilifungwa mubaya," mfanyabiashara alisema, na PDG akaitikia kwa kichwa. Watu wazima wawili, wanaulaumu mfuko.

Niliichukua kamba nikaenda nayo kijitoni. Wachimbaji, ambao huniita Yaya, yaani kaka mkubwa, walinifuata kwa kelele.

"Yaya, unaosha bahati yetu!"

"Bahati gani?"

Walikuwa walewale waliomtoa mdogo wangu shimoni.

Niliianika juani. Ilipokauka tulifunga mfuko mwingine, na safari hii chuma kilishika. Niliinua mikono yangu mwenyewe, mfuko haukusogea. Kingemshika na mdogo wangu, hata mikononi mwa mtu kama mimi. Nilimdharau yule muuzaji na maneno yake, nikachukia kumpa haki hata kidogo, lakini ukweli ulikuwa huo.

"Kinashika," nilisema. "Kamba ikiwa safi. Ikiwa chafu, hashuki mtu."

PDG alinung'unika, ila hakuwa na mshika kamba mwingine.

Kesho yake binamu yangu alishuka. Chuma kilikuwa kimeibana kamba, na mimi nimeikamata kwa mikono yote miwili.

"Achia basi, iko inashika yenyewe!" PDG alinicheka. "Unaogopa nini?"

Nyuki walikuwa wanapita. Nilimwacha acheke.