Mapasa Wasioimbiwa

Nilikuwa bado msichana wa shule ya msingi, tukikaa Kamina upande wa reli, wakati mama mdogo wangu Alphonsine alipojifungua mapasa, mvulana na msichana. Mapasa ndivyo tunavyowaita pacha, na kwa sisi Waluba hawapokelewi kama watoto wengine. Wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange, hata kama baba yao alikuwa na majina mengine kichwani. Hupakwa pemba, ule udongo mweupe, na wanawake wa ukoo huwaimbia nyimbo za matusi ambazo siku nyingine hakuna anayethubutu kuzitamka mbele ya mkwe wake.

Mume wa mama mdogo, Papa Venant, alikuwa katekista. Majina aliyakubali, nyimbo akazikataa. Kambo, yaani bibi yangu mzaa mama, alikuwa amekuja kutoka Mulongo kuwaona wajukuu. Alimsikiliza mkwe wake mpaka mwisho, kisha akamjibu bila kupandisha sauti: "Mapasa banaimbiwa, bukwe. Bakikosa kuimbiwa banakasirika, na kasirani yabo inamuangukia mama." Akafunga kitenge chake, akarudi kwenye mashamba yake ya muhogo.

Vitovu vya watoto vilikuwa vimekwisha kuanguka mama mdogo alipoacha kulala. Mwanzoni tulidhani ni uchovu wa kunyonyesha wawili. Kisha akaanza kufagia ua uleule mara kwa mara, akisema treni zikipita zinataja jina lake. Akasema Kabange si mtoto wake, kwamba wake alibadilishwa. Siku moja mchana, mama yangu alimkuta anamshusha mtoto huyo taratibu ndani ya beseni la maji, uso kwanza, huku akimbembeleza kwa maneno matamu. Mama alimchukua mtoto kutoka mikononi mwake. Tangu siku hiyo hakuna jirani aliyekuwa na shaka kwamba onyo la Kambo limetimia.

Walimpeleka hospitali kwanza. Hakuwa na homa wala malaria. Waliambiwa kwamba ugonjwa wa kichwa hautibiwi pale, waende Lubumbashi, na treni ya Lubumbashi hakuna aliyejua itatoka lini. Ndipo dada yake Papa Venant akashauri chumba cha maombi, ambako mchungaji huwaweka wagonjwa na kuwatoa pepo kwa sala na mfungo, na Papa Venant, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kusali nje ya parokia, akakubali.

Nilikuwa nikienda huko na mama yangu kuwapeleka watoto wanyonye. Mama mdogo alikuwa amefungwa kamba kwenye kifundo cha mguu, kwenye nguzo ya kibanda, akiwa hajala. Mchungaji hakuwa mtu mkatili. Aliomba mpaka sauti ikakauka, na nadhani alimwogopa mama mdogo kuliko sisi tulivyomwogopa. Kisha akasema kwamba maziwa nayo yanapitisha pepo, watoto wasinyonye tena. Tukawapa uji mwepesi. Kyungu alivumilia. Kabange alianza kuwa na ngozi ya mtu mzee.

Mama yangu alituma neno Mulongo kwa wauza samaki, na Kambo akaja. Alimtazama Kabange muda mrefu, akamweka mgongoni, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda. Mchungaji alimweleza kwamba mfungo haujaisha na mgonjwa ni hatari. Kambo akaketi chini kando ya binti yake, akanyoosha miguu.

"Kama munamufunga huyu, munifunge na minyi," alisema. "Ni mwili moja."

Hakuna aliyekuwa tayari kumfunga mwanamke mzee mwenye mtoto mgongoni. Ikapita nusu ya alasiri hivyo, watu wamesimama. Mwishowe Papa Venant mwenyewe akapiga magoti na kuifungua kamba. Fundo lilikuwa limekaza, akalilegeza kwa meno.

Sokoni mama yangu alikuwa na rafiki, mke wa mwanajeshi wa kule kwenye kambi. Mume wake alikuwa mwuguzi aliyewahi kuhudumia askari waliorudi vitani wakiongea peke yao. Alikuja nyumbani kwetu, akaongea na mama mdogo kwa upole, kisha akatuambia kwamba ugonjwa huo unajulikana, unawakamata baadhi ya akina mama baada ya kuzaa, na ana vidonge vyake. Kambo alimuuliza jambo moja tu.

"Hii dawa yako, tukiimbia mapasa, itakataa kutumika?"

"Itatumika, Mama. Muimbe. Lakini kidonge isikosekane hata siku moja."

Wakaimba. Papa Venant alikwenda parokiani mchana huo na kurudi nyimbo zilipokwisha. Mama mdogo hakucheza. Alilala, na katika majuma yaliyofuata alilala sana, akaongea polepole, midomo mikavu. Asubuhi moja aliuliza Kabange yuko wapi, akamweka kifuani anyonye.

Kambo alisema ni nyimbo, mwuguzi alisema ni vidonge, na kule kwenye chumba cha maombi walitoa ushuhuda. Mabishano hayo yangedumu milele kama mama mdogo asingepata mimba nyingine. Safari hiyo alizaa mtoto mmoja tu, na ugonjwa ukarudi uleule. Tulimwangalia Kambo.

"Ya mapasa nilijua," alisema. "Hii sijui. Mutafute dawa."

Mwuguzi alikuwa amehamishwa na kikosi chake. Wakampeleka Lubumbashi kwa lori, kaka zake wawili wakimshikilia mikono njia nzima. Alipona, na leo ni bibi mwenye wajukuu.

Mimi sasa ni mwuguzi hapahapa Kamina. Maelekezo ya serikali yanasema magonjwa ya akili yatibiwe katika kila kituo cha afya, na ni maelekezo mazuri. Tumefundishwa kumuuliza kila mama mzazi kama analala, na kama kuna sauti anazisikia. Huwa napita pia kwenye vyumba vya maombi kuomba mambo mawili: wasimfunge mtu, na waturuhusu tumpe vidonge huku wao wakiomba. Wengine wanakubali, wengine wananitoa nje. Familia zikinieleza chanzo cha ugonjwa, nasikiliza bila kubisha, kwa sababu sijaona mgonjwa aliyecheleweshwa na wimbo.

Nimewaona waliocheleweshwa na kabati la dawa lililo tupu. Kuna miezi mama analetwa mapema, familia yake imefanya yote tuliyowaomba, nami nawaambia warudi wiki ijayo. Wakitoka najua wataelekea wapi, na siwezi kusema kwamba ni imani yao iliyowapeleka.