Niliazima Jina la Kaka Yangu, Wifi Akavua Eda

Makosa ni yangu. Nnaanza hapo hapo, maana nikitanguliza sababu mtanihurumia, na mimi siitaki huruma ya mtu kabla hajasikia. Nilimharibia maisha mwanamke mwenzangu. Si jirani, si mke mwenza. Wifi yangu, mke wa kaka yangu wa tumbo moja! Na nilimharibia kwa kalamu.

Mimi mzaliwa wa Unguja. Majina ya watu nimeyabadilisha, lakini mambo ni haya haya. Tulifika Maskati mwaka sitini na nne, baada ya yale yaliyotukuta kule, mimi na mume wangu, tukapata nyumba ya makuti Darsait. Msiitazame Darsait ya leo na maghorofa yake. Wakati ule ilikuwa vibanda, mbuzi na maji ya kisima, na mume wangu akenda bandarini Matrah kwa miguu kufanya ukarani kwa tajiri mmoja.

Kaka yangu Khelef hakufika. Asubuhi ya vurugu alitoka kwake mtaa wa Malindi, hapo hapo Unguja, kwenda kumtazama mama, na hakuonekana tena. Si mzima, si maiti. Mke wake, Zuwena, watu wake wakamvusha mpaka Mombasa, akakaa kwa mama yake kumngoja.

Sasa mimi nina maradhi yangu toka skuli: kutunga hadithi. Kulikuwa na mwalimu wetu wa kike aliyetuhadithia habari za mwanamke wa Kifaransa wa zamani, aliyeandika vitabu kwa jina la kiume. Ati akivaa na suruali, akivuta na sigara, na watu wakimsoma wakidhani ni bwana mkubwa! Darasa zima tulivunjika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote, na jina la yule bibi nikalisahau, lakini ile hila yake sikuisahau.

Basi hapo Darsait, mume wangu akileta gazeti la Kiswahili la Mombasa, akilipata kwa mabaharia. Lina ukurasa wa hadithi. Nikisoma nasema moyoni, mbona haya nnayaweza? Mchana nikishamaliza jiko nakaa mkekani naandika. Siku moja nikapiga moyo konde nikamwomba ruhusa nipeleke.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu. Alikaa akafikiri, akasema, "Andika, bibi. Lakini jina lako lisitembee midomoni mwa wanaume kwenye mabaraza. Tafuta jina la kiume."

"Nitie lako?"

"Langu! Watu waje waniulize maneno ya mapenzi nimeyajulia wapi? Tafuta jengine."

Nikatia la Khelef. Jina lake kamili, la baba na la babu.

Mume wangu akaniangalia. "Na wifi yako je?"

"Zuwena hajui kusoma," nikamjibu, nikaendelea kukunja karatasi zangu.

Wallahi siku ile sikuona ubaya. Kwetu jina la Khelef lilikuwa halitajwi ila kwa kushusha sauti, na mimi nikitaka watu walitaje kwa kicheko, kama zamani. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini nilijua pia kwamba jina lile ni zuri, lina uzito wake, na likikaa juu ya hadithi watu watasoma. Nisijitakase.

Hadithi ikachapishwa. Jamani, utamu wake! Ikawa ya kuendelea, kila toleo sura moja: mtu kafukuzwa kisiwani kwake, yuko ugenini, anamkumbuka mkewe. Mhariri akawa ananiandikia "Mpendwa Bwana Khelef", wasomaji wananyang'anyana gazeti, leta zaidi, leta zaidi. Kichwa kikanivimba. Nikipika nnachekea sufuria. Ikafika mahali nikataka sura ambayo kila mwanamke akiisikia alie, nikatafuta kichwani kwangu kila pahali. Ndipo nilipoliiba lile jambo la fungate.

Kwetu maharusi hukaa ndani siku saba, hawatoki, chakula wanaletewa. Kwenye harusi ya Khelef, mpeleka sinia nilikuwa mimi, dada yake mdogo. Usiku wa kwanza nilisimama nje ya mlango na birika la maji ya kunawia, nnangoja kuitwa. Ndani, Zuwena kaona haya, hataki kula mbele ya mwanamme. Kaka yangu kambembeleza, wapi! Mwisho nikaona mwanga chini ya mlango umepotea. Kazima taa.

Nikamsikia akisema, "Kula, sikuoni."

Kisha nikasikia vidole kwenye sahani. Na yeye Khelef, kwenye kiza kile, akatia mkono kwenye bakuli la pilipili, akajifuta jicho. "Jicho langu, pilipili!" Ukelele alioupiga! Hapo ndipo nilipomsikia Zuwena akicheka kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu. Nikarudi jikoni na birika langu bila ya kubisha hodi, na sikumwambia mtu. Nililiweka miaka yote hiyo.

Nikalitia gazetini. Taa, pilipili, "kula, sikuoni", yote.

Sasa sikilizeni kilichotokea Mombasa, na mimi nilikuja kukijua baadaye. Mke ambaye mumewe kapotea, kadhi humngojesha miaka minne. Ikipita, humhukumia kama aliyefiwa: akae eda miezi minne na siku kumi, halafu yuko huru. Zuwena aliingoja yote minne. Kadhi akahukumu. Kavaa nguo nyeupe, kakaa eda. Na kulikuwa na fundi wa saa aliyefiwa na mke, mtu mpole, anayengoja eda iishe alete posa, na mtaa mzima ukijua na kumwombea kheri.

Mimi nilisema Zuwena hajui kusoma. Nilisahau kwamba gazeti halisomwi na mtu mmoja! Wanawake waliokuja kumpumbaza edani, mmoja wao akafungua ukurasa wa hadithi akawasomea. Likatajwa jina, Zuwena akainua kichwa. Wakamwambia, tulia, majina yanafanana. Ikafika taa. Ikafika pilipili.

Zuwena akasimama, akaingia ndani, akavua nguo nyeupe, akatoka na kanga nyekundu. Akasema, "Khelef yu hai. Haya hakuna ayajuaye ila mimi na yeye na Mungu wetu."

Eda ikafia hapo. Mke wa mtu aliye hai hakai eda.

Nilizipata habari kwa Bi Salma, jirani yetu wa Darsait aliyekuwa Mombasa kutibiwa macho. Aliporudi aliingia kwangu na vigelegele. "Hongera! Kumbe kaka yako mzima, mnatuficha! Wifi yako kanipa salamu, kasema: mwambie nimesikia, nnamngoja."

Yarabi! Nikakaa juu ya kinu.

Hapo ndipo kosa lenyewe lilipo. Jina nililiazima kwa ujinga, lakini kuanzia saa ile nilikuwa nnajua. Neno moja tu lilitakiwa, nimpe mtu yeyote anayesafiri: "Mwambie Zuwena ni mimi, si yeye." Basi! Angelia mwezi, angerudi edani, angeolewa na fundi wake.

Nikapiga kimya.

Mume wangu akaniuliza, "Umempelekea habari wifi yako?" Nikasema nitapeleka na meli hii. Meli ikaondoka, nikasema ijayo. Nikaona haya: nitamwambiaje kwamba nilisimama mlangoni mwake usiku ule? Na hadithi ilikuwa haijesha. Ndiyo, na hilo lilikuwamo! Nikaogopa mhariri akijua mwandishi ni mwanamke ataikata. Nikaziona zile sura zangu zilizobaki kubwa kuliko miaka ya mwenzangu. Astaghfirullah!

Mume wangu akaacha kuniletea karatasi. Hakunigombeza, aliacha tu. Nikatuma watu wengine waninunulie, na nikaandika. Na mbaya zaidi, nikaandika vizuri. Kila nilivyoandika vizuri, Zuwena akizidi kumsikia mumewe. Fundi wa saa alingoja mpaka akachoka, akaoa kwengine. Hilo pia niliambiwa, na hilo pia nililimeza. Kuna siku nnaandika na mimi mwenyewe nikageuka nyuma, nikadhani Khelef kakohoa.

Mwaka wa sabini Oman ikapata Sultani mpya, nchi ikafunguliwa. Watu wetu wakaanza kumiminika kutoka pwani ya kule, kila meli na wageni wake. Asubuhi moja nnapepeta mchele, nasikia hodi ya kike. Nikainua uso. Zuwena!

Kakonda, lakini kajipamba: wanja, udi, buibui jipya. Tukakumbatiana, akawa anachungulia juu ya bega langu, huku na huku, ndani ya chumba. Akakaa ukingoni mwa mkeka kama mtu asiyekusudia kukaa sana. Akafungua mfuko, akatoa kofia. Kofia ya mkono, tundu zake ndogo ndogo, kazi ambayo hamalizi mtu kwa mwaka mmoja.

"Nimemshonea kwa kipimo cha zamani," akasema. "Kichwa si hakikui? Haya wifi, niitie. Yuko wapi?"

"Zuwena..."

"Usinifiche. Kaoa? Kama kaoa sitagombana. Nnataka nimuone tu."

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Ninayeandika. Ni mimi. Khelef hatujamuona toka siku ile."

Alinitazama kwa utulivu, kama mtu anayesemeshwa lugha asiyoijua. Kisha akasema polepole, "Na taa? Nani aliyekwambia ya taa?"

"Nilikuwa nje ya mlango. Na birika."

Mkono ukampanda mdomoni. Ile haya ya bibi harusi, baada ya miaka yote ile, niliiona ikimrudia usoni mbele yangu. Kisha ikaondoka.

"Bi Salma hakukupa salamu zangu?"

Ningeweza kusema uongo. Bi Salma alikuwa keshakufa. "Alinipa," nikasema.

Hakupiga kelele. Ningependa apige! Aliinuka na ile kofia, akaja akanivika kichwani juu ya mtandio wangu, akaivuta kwa mikono miwili mpaka ikakaa sawasawa.

"Basi vaa," akasema. "Si ndiye wewe."

Mgeni ni mgeni. Nikapika wali na papa wa kukaanga, nikamletea sinia. Nikamnawisha kwa birika. Zuwena akakitazama chakula, asikiguse. Safari ya siku chungu nzima baharini, na njaa nnaiona kwenye macho.

"Mbele yako sili," akasema.

Nikaugeukia ukuta. Na pale, jamani, maneno yakanijia ulimini. Yale yale mawili ya kaka yangu. Mdomo ukakataa kufunguka. Nimeyaandika, yamesomwa na maelfu ya watu, na siku yalipotakiwa sikuwa na haki nayo. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya mlango, pale pale pangu. Sikusikia kidole kwenye sahani.

Alirudi na meli iliyofuata. Hakuolewa tena mpaka alipokufa. Kila msafiri nilimpa salamu za kuomba radhi, na kila aliyerudi alirudi mikono mitupu. Khelef hatujui habari zake mpaka leo. Hadithi sikuandika tena, na mhariri alidhani Bwana Khelef kafa, akachapisha maneno mazuri ya kumuomboleza. Ndiyo matanga pekee aliyopata kaka yangu, na yalikuwa yangu mimi.

Sasa niko Amerat, nje kidogo ya Maskati, kwa mwanangu, na mjukuu wangu wa kike anaandika. Anatia jina lake waziwazi na picha juu, na mimi nafurahi. Ila nilimwambia, na nyinyi nawaambia: ukitunga, tunga chako. Cha mtu ulichokisikia mlangoni, kiache mlangoni. Na kama ushakosea, usingoje meli ijayo! Sema leo leo, na sauti itetemeke. Aibu yako itapita, lakini miaka ya mwenzio huna pa kuinunua.

Mtaniuliza mbona na hapa sikutia jina. La kwangu nalionea haya. Na la mtu mwengine siazimi tena. Kofia iko sandukuni, lakini naona kama sijaivua kichwani toka siku ile.