Nati Isiyo na Rangi

Pale gereji wanamwita Rudia. Mimi namwita shemeji, maana ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Jina la Rudia alilipata kihalali: akishakufungia gurudumu utaondoka, utafika kwako, utavua viatu, mara unasikia hodi. Ni yeye, na spana mkononi. "Samahani mzee, nilikuwa napita tu, acha niziangalie zile nati." Alikuwa anapita! Na anakaa upande wa pili wa mji. Wateja wanacheka mpaka basi. Mimi sikuwahi kucheka, maana nilijua anachokirudia ni nini.

Hakuwa hivyo zamani. Alikuwa fundi wa kupiga mluzi, anafunga injini huku anabishana mambo ya mpira na jirani. Alianza kurudia miaka minne iliyopita, wiki ile tuliyomzika mdogo wake.

Mume wangu alikuwa na gari la porini, la matairi makubwa, akiwapelekea vifaa mafundi wa minara ya simu huko milimani. Jumatatu pampu ya usukani ilikufa, shemeji akafunga mpya. Jumanne mume wangu akapanda mlima. Jumatano, wakati wa kurudi, gari liliacha njia kwenye kona, likateremka bondeni na kutua kwa magurudumu yake, ila ubavu wa dereva ulikutana na mwamba. Waliokagua waliandika mwendo kasi. Shemeji hakukubali. Gari zito namna ile, mafuta ya usukani yakivuja yakaisha, usukani unakuwa mzito ghafla, na ukiwa kwenye kona huna muda wa kupambana nao. Na yeye hakukumbuka kama aliikaza nati ya mpira wa presha, ule unaotoa mafuta kwenye pampu. Aliishika, mtu akamwita, akaenda, akarudi. Alichofanya aliporudi kilimpotea kabisa.

Jibu lilikuwepo siku zote. Baba mkwe wangu, aliyewafundisha wote wawili, alikuwa na sheria yake: ukimaliza kukaza nati, unaipaka doti ya rangi, kila fundi rangi yake, ili ikilegea ajulikane wa kulaumiwa. "Nati isiyo na rangi haijakazwa," alikuwa akisema, "hata kama umeikaza mpaka ukatokwa jasho." Shemeji alipewa nyeupe. Mume wangu alikimbilia udereva, lakini nyekundu yake hakuiacha, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kununua kitu kilichopo nyumbani, alikuwa akiniibia rangi yangu ya kucha. Tuligombana kila mwezi kwa ajili ya kile kichupa.

Kwa hiyo ilikuwa ni kufungua boneti na kutazama, basi. Lakini gari lilivutwa likawekwa nyuma ya gereji chini ya turubai, na shemeji hakuligusa. Mafundi wengine wakaanza maneno: eti alasiri, pakishatulia, usukani unasikika ukizunguka wenyewe. Eti pampu inalia. Upuuzi mtupu, niliwaambia. Ila nami nikifika pale nilikuwa napita upande wa pili, na masikio yangu yalikuwa yanasikiliza.

Nitasema ukweli, anayetaka kunihukumu na anihukumu. Nilikuwa naomba nati ile isiwe na rangi. Nilitaka liwe kosa la shemeji. Maana mara ya mwisho kuzungumza na mume wangu ilikuwa kwa simu, alasiri ya Jumatano ile, na kama si pampu iliyomuua, basi ni yale mazungumzo.

Mwezi uliopita mfuga nyuki mmoja akataka kulinunua lile gari, kwa sharti liende lenyewe. Pampu ilikuwa imeshaganda kwa kukaa, lazima ibadilishwe. Shemeji akasema atamtuma fundi mwingine.

"Hatumwi mtu," nikamwambia. "Wewe ulifunga, wewe utafungua. Na mimi nitashika tochi."

"Shemeji, hunionei hata huruma?"

"Huruma niliimaliza makaburini."

Ndivyo mdomo wangu ulivyo. Marehemu alikuwa akisema ungefaa kukatia vyuma.

Tukaanza asubuhi ya Jumapili, gereji tupu. Turubai lilipovutwa, vumbi likatuingia puani. Kitini bado palikuwa na kile kitambaa chake cha kufutia jasho, kimekauka na kuwa kigumu. Nikageuza uso. Shemeji alilegeza mkanda, akautoa kwenye puli, akaweka karai chini ya kupokea mafuta. Alipofika kwenye mpira wa presha akasimama, akafumba macho.

"Angalia wewe," akasema. "Mimi siwezi. Niambie tu kama nyeupe ipo."

Nikainama na tochi. Nati ilikuwa imefunikwa na tope lililochanganyika na mafuta, nikaifuta kwa kitambaa. Sikuona nyeupe.

"Hakuna," nikasema.

Alikaa chini pale pale, kwenye oili chafu ya gereji. Hakulia. Alisema tu, polepole, "Basi nilimuua mdogo wangu."

Nami nilibaki nimeinama. Kwa sababu nilikuwa nimefuta tena, na upande wa chini wa nati ile palikuwa na doti nyekundu. Iliyong'aa, yenye chengachenga za kumetameta ndani yake. Rangi yangu ya kucha! Hakukuwa na mwingine duniani wa kuiweka pale.

Ukucha wangu ulikuwa tayari juu yake. Kukwangua mara moja tu ingebanduka, na mimi ningelala usingizi mpaka kufa kwangu, yeye aendelee kubisha hodi kwa watu. Lo! Niliupima uzito wa jambo lile kweli, sitajisafisha. Nikamtazama amekaa pale, mzee wa miaka hamsini na sita, suruali imelowa oili.

"Shemeji, inuka," nikasema. "Iko nyekundu."

Aliinuka kwa magoti na mikono. Alitazama. Akafungua kifuniko cha kikombe cha mafuta ya usukani, akachovya kijiti, akakipangusa, akachovya tena. Arudie asirudie, mafuta yalikuwa yamefika alama ya juu.

"Nilisahau," akasema. "Nilisahau kweli, yakavuja. Yeye akaona, akasimama, akakaza, akajaza. Usukani ulikuwa mzima, shemeji! Sikumuua!" Hapo ndipo alipolia, kwa sauti. Alipotulia akauliza swali nililojua litakuja. "Sasa ni nini kilichomtoa barabarani?"

Ulimi uliponza kichwa, wahenga walisema. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Nikamweleza yote. Wazazi wangu walikuwa wamekuja, na mume wangu aliahidi kula nao jioni. Nikampigia, na yeye akaniambia, "Mama watoto, nimesimama kidogo, kuna kitu nakaza." Nikamwambia, "Unakaza nini? Kila siku una cha kukaza! Visingizio tu. Giza likiingia hujafika, lala huko huko, mlango nafunga." Akacheka kidogo, akasema, "Basi usifunge, nakuja mbio." Hakuniambia kinachovuja ni nini. Alijua akimtaja kaka yake, ningempigia kaka mtu papo hapo na kumvua nguo kwa matusi. Alikuwa anasema kweli, na alikuwa anamfichia nduguye siri, yote kwa kuniogopa mimi.

"Na mlango?" shemeji akauliza.

"Niliufunga. Askari walipobisha hodi kuja kuniambia, niliona haya kufungua mara moja, nikidhani ni yeye."

Shemeji hakusema pole. Wala hakunilaumu. Alifuta mikono, akaokota spana, akasema, "Shika tochi vizuri."

Tukafunga pampu mpya, mipira miwili, mkanda. Akaikaza nati ya mpira wa presha, akaipaka nyeupe yake. Akainua mbele kwa jeki, akanipandisha kwenye kiti cha dereva nizungushe usukani huku na huku hewa itoke, yeye akitazama mapovu kwenye kikombe. Nilipowasha injini, pampu ililia. Nikauachia usukani. "Ni hewa tu," akasema, "zungusha tena." Nikazungusha mpaka ikanyamaza, na usukani ukawa mwepesi kiasi kwamba kidole kimoja kinatosha.

Mfuga nyuki alilichukua wiki iliyofuata. Shemeji ameacha kurudia. Juzi nimemsikia anapiga mluzi, na wateja wanauliza kama ni mgonjwa.

Na mimi, giza likiingia, siwezi kufunga mlango. Wanangu wanafoka, "Mama, wezi!" Wakiufunga nasubiri walale, kisha naamka kwenda kuufungua.