Mama Alivyotia Sahihi

Kila nikipita Gisozi, mtaa wa karakana za samani, harufu ya vanishi hunikumbusha wiki mbili nilizotoroka shule, nikashinda na mafundi wa vitanda. Mama alidhani niko darasani.

Jioni moja kiongozi wa mudugudu, yaani kitongoji chetu, alikuja na karatasi. "Mama, huyu mtoto haonekani shuleni. Kwa sheria, anayejibu ni mzazi."

Mama alinitazama. Niliinamisha kichwa, akaelewa.

"Mimi ndiye niliyemzuia," akasema. "Nilikuwa mgonjwa."

Hakuwa ameugua hata siku moja. Akatia sahihi kwamba kosa ni lake.

Hakunigombeza. Asubuhi alinishika mkono, akanipeleka hadi mlango wa darasa, akamwomba mwalimu msamaha mbele ya wenzangu wote. Nami nikaenda kukaa.